Nyasi za Ndama

Kitengela,
3 Agosti 1998

Kwako binti yangu Rahab,

Salamu nyingi kutoka hapa Kitengela. Mimi mzima, mke wangu Sharifo mzima, mbuzi wazima, na lile lori ambalo marehemu babako alisema litakufa kabla yake, bado liko barabarani. Mungu amweke pema, lakini kwa magari hakuwa na macho.

Habari zako zimenifikia kabla hujanitumia. Mimi sina haja na redio. Mwanaume aliyelala Jeddah, akala samaki wa Kigoma, akakorofishana na makuli wa Bujumbura kwa lugha tatu asizozijua, habari humfuata zenyewe. Juzi mnadani Kuntai, yule karani wa ranchi ya pamoja ya Nanyokie, alinishika mkono. Akasema, "Mustafe, yule msichana wa duka lililopakana na bucha yako amerudi. Amesomea uchumi. Yuko Kajiado na kompyuta ya kubebwa kwa mkono kama sufuria. Amewaambia wazee wasichungie mifugo kwenye uwanda wetu mpaka mvua nne zipite."

Nikamuuliza wazee walisemaje.

"Walicheka. Halafu akawatajia mifugo ya kila mmoja bila kuangalia karatasi, wakakubali."

Nikamwambia huyo nilimfundisha mimi. Ni uongo? Ukiwa na miaka sita nani alikuwa anakuketisha kwenye mlango wa zizi uhesabu mbuzi wakiingia? Chuo kikuu kimekuongezea miwani tu.

Lakini binti, Nanyokie unaijua? Jina lenyewe kwa Kimaasai ni nyekundu, na tangu ile mvua ya El Nino ibebe udongo, imekuwa nyekundu kupita jina. Kuna makorongo pale yanaweza kumeza lori na dereva. Sikia ushauri wa mtu aliyeacha shule darasa la tano kwa hiari ya mwalimu: umechagua mgonjwa mahututi. Niambie unataka kumfanya nini.

Ni mimi ami yako, au Adeer kama ulivyozoea kuniita kwa Kisomali,
Mustafe Jeylani
Mifugo, Kitengela na nchi jirani


Kajiado,
17 Agosti 1998

Mpendwa Adeer Mustafe,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya wenzangu wa ofisi, na sasa wote wanataka kujua huko Bujumbura mligombania nini.

Nakueleza kazi yenyewe. Ranchi imebakiza uwanda huo mmoja tu ambao haujagawanywa. Julai ya mwaka 2000 wanachama watakutana waamue: wakate ploti wauze, au wauache mzima. Mnunuzi kutoka jijini ameshaleta ramani yake, ina hadi barabara na kituo cha mafuta. Mimi nimeomba mvua nne tu. Hesabu yangu inasema ekari ya Nanyokie ikipumzika itawapa maziwa na ndama miaka yote, na ploti mtu huuza mara moja. Lakini siku ya mkutano nikisimama na karatasi mkononi na ardhi bado nyekundu, nani atanisikiliza? Nyasi lazima waione kwa macho yao.

Kwa hiyo nimeuzunguka uwanda wote na kifaa kinachosoma setilaiti. Hukwambia umesimama wapi duniani, hukosea hatua chache tu. Kila kona kilipopiga alama nimeweka jiwe, nikalipaka rangi nyeupe. Mawe arobaini. Ndani ya mawe hayo, ng'ombe wasiingie.

Hii ndiyo kazi ya kwanza niliyoipanga mimi mwenyewe tangu nihitimu. Na uwanda ukishakatwa, Adeer, hakuna fundi wa kuushona. Wewe hupita pale kila wiki ukienda kununua ng'ombe. Nakuomba uwe macho yangu.

Msalimie Sharifo. Nina hamu na chai yake.

Rahab


Kitengela,
20 Septemba 1998

Binti Rahab,

Umeomba macho, nakupa na nyusi zake. Kuanzia leo hakuna kwato itakayokanyaga Nanyokie bila mimi kujua inaenda wapi na imetoka kwa nani. Hata sungura nitamuuliza jina.

Mawe yako nimeyaona. Yanang'aa kama meno ya bwana harusi. Kulikuwa na wazee watatu wanalizunguka moja, wanaongea polepole, mmoja analigusa kwa fimbo. Niliwapungia mkono, hawakupunga. Nadhani walikuwa wanalishangaa.

Swali moja dogo la kielimu. Ng'ombe wa kupita tu, yule aliye safarini kwenda kichinjioni, mgeni wa siku moja au mbili, huyo sheria yako inamsemaje? Kuna mtu aliniuliza nikakosa jibu, na unajua mimi kukosa jibu si kawaida.

Sharifo anasema chai iko. Hata mimi niko.

Adeer wako,
Mustafe


Kajiado,
11 Novemba 1998

Mpendwa Adeer,

Mwambie huyo mtu jibu ni hapana.

Mvua fupi ilianza vizuri. Nyasi ilichomoza kidole kizima, nami nikawa mjinga wa kuipigia picha kila upande. Jumanne nimefika nikakuta imeliwa hadi mzizi na udongo umepondwa. Ng'ombe kama sitini. Si wa boma moja, kwa sababu kuna kwato kubwa za Boran na ndogo za wale wa kienyeji, zimechanganyika.

Si hilo tu. Mawe kumi na moja yameng'olewa. Familia mbili zimezungusha ua wa miiba ndani ya uwanda, kila moja imeshika kipande chake. Nilipouliza kwa nini, waliangalia pembeni. Kuntai naye alisema neno moja tu, "Wanajilinda." Wanajilinda na nani? Mimi nimekuja kuulinda uwanda wao, na kabla sijafika walikuwa hawajaweka hata mwiba mmoja.

Sielewi, Adeer. Ukiniambia ni ng'ombe wa nani, angalau kitu kimoja nitakielewa.

Rahab


Kitengela,
25 Novemba 1998

Binti yangu,

Pole sana. Dunia imeharibika. Nimeuliza uliza huku na huku. Wengine wanasema ni watu waliovuka kutoka Namanga, wengine wanasema ni punda milia, na punda milia unajua hana mwenyewe wa kushtakiwa.

Nikiwa Jeddah niliona bustani ya tajiri mmoja, nyasi inamwagiliwa kila siku, na bado ikaliwa na mbuzi wa jirani. Tajiri hakulia. Aliagiza nyasi nyingine. Nakwambia hivyo usife moyo. Nyasi ni kitu cha kurudi, tofauti na binadamu.

Ninakutumia beberu mmoja mnene kupitia dereva wangu Musila, uwapikie watu wa ofisi. Usimrudishe. Sharifo anakusalimu sana, na anasema mbona siku hizi nakula kidogo, nikamwambia ni joto.

Adeer wako,
Mustafe


Kajiado,
14 Desemba 1998

Adeer,

Beberu amefika. Asante. Sijamchinja.

Nilikuuliza swali moja na ukanijibu kwa habari za Jeddah.

Kuntai aliniambia ng'ombe wale walipakwa alama ya rangi ya buluu mgongoni. Nikamwambia wafanyabiashara wanaotumia buluu ni wengi. Nilidanganya. Namjua mmoja tu.

Rahab


Kitengela,
2 Februari 1999

Binti yangu Rahab,

Nimefunga Ramadhani yote na barua yako mfukoni. Idi imepita, sasa naandika bila kuzunguka.

Ng'ombe ni wangu. Hamsini na nane. Musila aliwateremsha kwa amri yangu, wakashinda pale siku mbili kabla ya kichinjio, kwa sababu ng'ombe aliyeshiba hupendeza kwenye mizani. Nilijiambia siku mbili si kitu. Nikajiambia pia kwamba mawe yale ni mambo ya wenye ploti, na mimi sinunui ploti. Hilo la mwisho lishike, nitalirudia.

Ungeweza kumwambia Kuntai rangi ni yangu. Ukanisitiri. Mimi niliyebishana na makuli wa nchi tatu sikujua niweke wapi uso wangu.

Sasa sikia kilichonipata. Baada ya barua yako niliapa kutogusa Nanyokie, kwa hiyo nikawapitisha ng'ombe njia ya mkato nyuma ya boma la kina Kuntai. Pale kuna kipande cha nyasi. Hakina ua, hakina jiwe, hakina hata kamba. Tulipiga hatua ishirini tu ndani, mama mmoja akatoka nyumbani, akatembea bila haraka, akaketi chini mbele ya fahali wangu. Ni Ngoto Kuntai, yaani mama yake Kuntai. Nikamsalimu kwa heshima, "Takwenya, yeyo," yaani hujambo mama. Hakujibu. Rahab, umewahi kumsalimu mama wa Kimaasai akakunyima lile "Iko" lake? Afadhali akupige.

Nikamwambia, "Yeyo, inuka, fahali huyu hana adabu."

"Anayo kuliko mwenyewe," akasema. "Yeye hajui anakula cha nani."

"Ni cha nani?"

"Cha watoto."

Hapo ndipo nilipong'amua niko ndani ya olopololi, ile nyasi inayotengewa ndama na ng'ombe wagonjwa. Miaka ishirini nanunua ng'ombe kwa hawa watu, nilikuwa nalijua neno, sikuwahi kujua uzito wake. Tangu siku ile, minada minne mfululizo hakuna aliyeniuzia hata mkia. Hawakunikataza. Mtu anasimama na dume lake, nikimuuliza anasema ameshauza. Mnunuzi yuko wapi? Anakuja. Jioni anarudi nalo nyumbani. Wachungaji wakiniona wanainama kufunga kiatu, na hawajavaa viatu vya kamba.

Nikarudi kwa yule mama na sukari, majani ya chai na shuka mpya. Nikaketi chini kabisa, na tumbo langu unalijua. Nikamuuliza, "Yeyo, Nanyokie nimelisha siku mbili nzima hakuna aliyenisema. Hapa hatua ishirini mmenifungia dunia. Kwa nini?"

Akasema, "Pale mmeweka mawe meupe. Mawe meupe ni ya wapimaji. Yakishaingia, ardhi si yetu tena, ni ya atakayewahi. Wewe uliwahi na ng'ombe, wengine wamewahi na miiba."

Umeona, binti? Kitengela nzima imeuzwa mbele ya macho yetu, na kila ploti ilianza na jiwe jeupe. Ulipoweka arobaini yako, wewe ulisema "linda", wao wakasikia mnada umefunguliwa. Hata mimi ndivyo nilivyosikia, na mimi nilikuwa na barua yako.

Mimi sijasomea uchumi. Lakini ningekuwa wewe, ule uwanda ningewapa ndama.

Nisamehe.
Mustafe


Kajiado,
15 Februari 1999

Adeer yangu,

Nilikasirika siku tatu. Siku ya kwanza nilikukasirikia wewe. Siku mbili zilizobaki nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilikulia Kitengela, nikienda shule kwa kuruka juu ya mawe hayo hayo. Nilijua yalimaanisha nini. Nikapewa kifaa cha setilaiti nikasahau.

Siku ya nne nilikwenda kwa Ngoto Kuntai. Nilisalimu, akajibu. Tulikaa naye na akina mama wengine sita mpaka chai ikaisha mara mbili. Wao ndio wenye ndama, Adeer. Mwanaume huhesabu madume, mama ndiye anayejua ndama gani ameharisha na ng'ombe gani ameacha kula. Katika mipango yangu yote ya miezi sita, sikuwa nimemuuliza hata mmoja wao.

Wamekubali kuichukua Nanyokie iwe olopololi ya ranchi nzima, kwa sharti moja: nani aingie na lini, waamue wao. Kuntai amewapelekea wazee, na wazee wakaona aibu kuwanyima ndama. Nimefungua kompyuta nikafuta mistari yote. Sasa uwanda una vipande saba. Ndama na wagonjwa wanakula kimoja, sita vinapumzika, halafu wanahama. Mimi napima mvua, natoa hesabu ya siku za kila kipande. Wao wanaangalia nyasi, wanatoa yao. Tumepishana siku mbili, na nikaona heri nifuate yao.

Mkuu wangu wa ofisi hakufurahi. Alishapiga picha za mawe. Akaniuliza sasa mpaka uko wapi, nikamwambia uko kwenye haya ya watu. Aliandika, kisha akafuta.

Msamaha umepata. Adhabu pia. Mawe ishirini na tisa yamebaki uwandani, na lori ni lako. Uyang'oe na kuyabeba mchana, watu wakikuona. Hili siombi.

Rahab


Kitengela,
30 Mei 1999

Kwako Mheshimiwa Hakimu Rahab,

Nimetumikia kifungo. Mawe yote ishirini na tisa nimeyang'oa kwa mikono hii iliyoshika usukani hadi Bujumbura. Akina mama walikuja kuangalia. Walileta na vigoda vya kukalia. Kila nikiinua jiwe wanasema jambo kwa Kimaasai, wanacheka, na Kuntai anakataa kunitafsiria. Kwa amri ya Ngoto Kuntai tumeyatumia kujenga birika la ndama kunywea maji. Fundi alikuwa mimi. Linavuja kidogo tu.

Siku ya pili baada ya mawe kuondoka, wale wa miiba walikuja wenyewe wakabomoa ua. Hakuna aliyewaambia. Sasa kilichobaki pale ni upepo na nyasi, na nakuapia polisi wa nchi tatu hawalindi hivyo. Wiki jana fahali wa mwenyekiti wa ranchi alikata kamba akaingia. Mwenyekiti mwenyewe, lile jitu zima, alimfukuzia mbio akapoteza kiatu kimoja, na baada ya kumtoa hakurudi kukichukua. Kiatu kiko kwa Ngoto Kuntai. Anasema mwenyewe akikitaka atakuja kukiomba.

Akina mama wamelaza matawi ya miiba ndani ya makorongo, maji yakipita yanaacha udongo. Korongo lililotaka kumeza lori langu sasa limeota nyasi kwenye koo. Mvua ndefu haikuwa nzuri, hilo unalijua wewe na vipimo vyako, lakini kwenye kipande cha tatu nyasi imenifika gotini.

Nimeteuliwa kuwa askari. Kwa kweli hakuna aliyeniteua, lakini nimekubali.

Adeer wako,
Mustafe


Kajiado,
9 Aprili 2000

Mpendwa Adeer,

Nakuandikia kwa haraka. Mvua ndefu haiji. Nimepima na kupima tena, kikombe kinatoka kikavu. Watu wa upande huu wameanza kupeleka ng'ombe Nairobi, wanalisha kando ya barabara za jiji. Mkutano ni miezi mitatu ijayo, na mtu anayezika ng'ombe kila wiki ploti huiona tamu. Mnunuzi analijua hilo. Amekuja mara mbili mwezi huu.

Nyasi ya mvua fupi bado imesimama Nanyokie. Kompyuta inasema itafika Agosti, ikiliwa na ndama, wagonjwa na ng'ombe waliozaa karibuni. Akina mama wanasema Julai katikati. Lakini hesabu zote mbili zinavunjika kundi moja tu la ng'ombe wazima likiingia. Likiingia la mtu mmoja, yote yataingia, na Julai hakutakuwa na kitu cha kuonyesha.

Najua wewe una ng'ombe sabini ambao kichinjio kimekataa kwa sababu wamekonda. Najua hawana pa kula. Sitakwambia la kufanya. Najua tu kwamba watu wote wanakuangalia wewe kwanza, kwa sababu ndiwe uliyewahi kuingia.

Rahab


Kimana,
11 Juni 2000

Binti yangu,

Usishangae anwani. Niko Kimana, kwa wakulima wa kitunguu na nyanya. Nimewaomba mabaki ya shambani, wamenipa kwa roho safi, nami nawapa mbolea, ambayo ng'ombe wangu wanaitoa bila kuombwa. Wanakula majani ya vitunguu. Nikisimama karibu nao macho yanalia, watu wanadhani nina huzuni.

Nimebaki na hamsini na mmoja. Kumi na tisa wamelala njiani na hapa. Sitaki kuongeza chumvi kwenye hilo.

Nakwambia jambo ambalo Sharifo hajasikia. Siku tuliyoondoka tulipita kando ya Nanyokie. Unajua ng'ombe mwenye njaa hunusa nyasi kabla hajaiona. Walianza kulia wote sabini ndani ya malori mawili, langu na la kukodi, wanapiga mbao kwa pembe. Musila alipunguza mwendo. Aliniangalia. Kule ndani nilimwona Ngoto Kuntai na wenzake watatu, wamesimama kati ya ndama. Hawakuketi chini safari hii. Hawakuja kutuzuia. Walisimama tu wanaangalia askari wao.

Nikamwambia Musila aongeze mwendo. Nikapandisha kioo, na kile kioo unakijua, kina miaka sita hakijapanda.

Basi. Nikiwa tajiri tena nitalieleza kwa majigambo zaidi.

Mustafe


Kajiado,
10 Julai 2000

Adeer yangu,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Asante.

Mkutano ni Jumamosi hii, penye josho la ng'ombe. Mwenyekiti ameniomba nisihudhurie, asije mtu akadai nimewaroga kwa kompyuta. Ana haki. Hesabu zangu nimempa Kuntai, azisome akitaka. Wewe umesharudi Kitengela, na mwenye lori hafukuzwi mahali. Nenda, tafadhali. Uniandikie kila kitu.

Rahab


Penye josho, Nanyokie,
Jumamosi 15 Julai 2000

Binti Rahab,

Naandikia juu ya boneti, kwa hiyo mwandiko usamehe.

Walijaa. Wanachama wote, na wasio wanachama kama mimi tukasimama kwenye malori yetu. Mnunuzi alikuja na viatu vya ngozi ya nyoka, rangi ya kahawia, ncha kali ya kuulia mende kwenye pembe ya nyumba. Nyoka mwenyewe ni wa bandia. Mimi nimeona nyoka halisi sokoni Jeddah. Akatandika ramani kwenye ukuta wa josho, akaongea vizuri, siwezi kumnyima. Akasema, "Wazee, ng'ombe anakufa. Ploti haifi." Nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Mwenyekiti akiwa wa kwanza. Ameshazika ng'ombe arobaini, yule mzee, na uso wake umekuwa kama jivu. Kuntai akasoma hesabu zako. Zilikuwa nzuri, lakini binti, mtu mwenye njaa hasikii desimali. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye matairi.

Halafu akina mama wakaja. Wao si wanachama, hawana kura, unajua. Walikuja na birika kubwa kubwa za chai na vikombe kwenye beseni, kama kwenye harusi, wakaanza kumimina. Nani angekataa chai? Mwenyekiti akapokea chake bila kuangalia, akapiga funda moja. Akasimamisha kikombe. Akakiangalia.

Rahab, miezi mitatu hii Kajiado yote inakunywa strungi, chai kavu isiyo na kitu. Ile ilikuwa nyeupe. Ilikuwa nzito, na utando juu.

Mwenyekiti akauliza, "Maziwa haya yametoka wapi?"

Ngoto Kuntai akajibu, "Kwa ng'ombe."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema, "Ng'ombe gani? Wangu wa maziwa wamekufa."

"Wawili wako waliozaa Februari wapo Nanyokie kwa wagonjwa. Mke wako aliwaleta. Mmoja ndiye huyo unayemnywa."

"Mbona sikuambiwa?"

"Ulikuwa unahesabu madume. Hukuuliza."

Wanaume wakaanza kuwageukia wake zao mmoja mmoja, na kila mke akiinua vidole. Wawili. Watatu na ndama. Mmoja, lakini ana mimba. Mzee mmoja alipoonyeshwa vidole vinne alikaa chini kwa nguvu kama aliyekatwa miguu. Wakashuka wote pamoja hadi pale nyasi inapoanza, wakaangalia. Ndama zaidi ya mia tatu, Rahab, wana manyoya ya kung'aa, wanarukaruka kama hawajaambiwa kuna kiangazi. Mnunuzi naye alipewa kikombe. Alikunywa, akaongezwa, akanywa tena.

Wakarudi kupiga kura ya mlolongo, kwa sababu wazee hawataki karatasi. Wa kuuza wasimame upande wa barabara, wa kubakiza wasimame upande wa nyasi. Kuntai akapuliza firimbi. Nikapanda juu ya kebini ya lori nione vizuri, na hapo bati likabonyea chini ya mguu wangu na Musila akaanza kulalamika kwamba mtu mwenye mwili huu angepanda jukwaa si gari, nikamwambia lori ni la nani, akasema mgongo utakaoinamia kulinyosha ni wa nani, tukabishana hapo mpaka watu wakatuzomea. Bonde lililobaki pale juu linaweza kunywesha mbuzi. Nitakuonyesha. Karatasi imeisha. Musila analeta hii sasa hivi.

Adeer wako,
Mustafe


Kajiado,
15 Julai 2000

Adeer,

Kurasa sita. Najua viatu vya mnunuzi, najua bati la lori. Kura ilikwendaje? Musila anasema hataki kuingilia maneno ya mwajiri wake. Nimemrudisha mbio na tangi nimemjazia.

Rahab


Nanyokie,
15 Julai 2000, jua linatua

Binti yangu,

Nilidhani Kuntai amekupigia simu. Naye alidhani nimekuandikia. Karatasi hii nimeazima kwake.

Upande wa nyasi, mia mbili na kumi na tatu. Upande wa barabara, sita, na mmoja kati yao alikuwa amefuata kivuli cha josho. Mwenyekiti alikwenda kwenye nyasi wa kwanza kabisa, kikombe bado mkononi. Nanyokie haikatwi. Kuntai ameiandika kwenye kitabu cha ranchi, pamoja na haki ya akina mama kuamua nani aingie, na wazee wametia dole gumba. Mnunuzi alikunja ramani, akawashukuru watu kwa chai, akaondoka kiungwana.

Umeshinda, Rahab. Nilimwambia kila mtu nilikufundisha mimi. Safari hii hakuna aliyebisha.

Wakati wa kufunga mkutano mwenyekiti alisimama tena, fimbo mkononi. Mbele ya wanaume wote akamuuliza Ngoto Kuntai kama madume yake manne yaliyobaki yanaweza kuingia Nanyokie, wiki moja tu. Yule mama hakuinuka. Aliendelea kukusanya vikombe kwenye beseni.

"Wakiwa ndama," akasema, "walete."

Mwenyekiti alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka, akaketi, na hakuuliza mara ya pili.

Mustafe Jeylani